Upande wa Pili wa Kitanda

Mke wangu alikuwa mtandika vitanda. Anayetaka kulisema kwa adabu zaidi atasema alikuwa mhudumu wa vyumba, na kwenye kitambulisho chake ndivyo walivyoandika, lakini akiulizwa kazi yake alijibu, "Natandika vitanda," kwa sauti ambayo mtu mwingine angesemea, "Naendesha ndege." Alikuwa na haki ya kujisikia. Wenzake walimwita Mama Kona, kwa sababu kona ya shuka aliyoikunja yeye chini ya godoro haikuchomoka hata mgeni agaegae usiku kucha kama mwenye homa. Mimi nimelala katika kona hizo maisha yangu yote ya ndoa. Nikitaka kutoa mguu nje upate hewa, ni kazi ya kufa na kupona.

Mimi ni fundi viatu. Nalisema mapema ili mjue kwa nini katika habari hii nitakuwa natazama chini mara kwa mara. Wengine humsoma mtu usoni. Mimi uso hunichanganya, kwa hiyo naanzia kwenye kisigino.

Hoteli aliyoitumikia ni ile kubwa ya katikati ya jiji, yenye sakafu unayoweza kujitazama ndani yake na watu wa mapokezi wanaotabasamu hata wakiumwa jino. Ina desturi yake moja. Mfanyakazi akistaafu huambiwa achague zawadi: ama feni kubwa ya kusimama, ama akae hapo kama mgeni, siku mbili, yeye na mtu wake, katika chumba cha ghorofa za juu, pamoja na ruhusa ya kuingia ule ukumbi wa wageni maalumu ulio juu kabisa. Wafanyakazi wanauita Juu, basi. Huko Juu ndiko wanakokwenda wageni wazito kunywa kahawa, kula bila kuulizwa, na kuzungumza taratibu kuhusu mambo makubwa. Mhudumu wa vyumba haruhusiwi kukanyaga. Mke wangu alitandika vitanda vya hoteli ile tangu akiwa msichana mpaka akawa bibi, na hakuwahi kuuona ukumbi huo kwa ndani.

Karibu wote huchukua feni. Nani anataka kulala kazini? Lakini mke wangu alipoulizwa hakumeza hata mate. "Nitalala," akasema. Nami nilifurahi, nikadhani hatimaye ameuhurumia mgongo wake, ambao umemsumbua miaka mingi. Kumbe mgongo hakuukumbuka kabisa. Alikuwa anamfuata mtu.

Waliajiriwa siku moja, yeye na mtu huyo, wakapangwa pamoja siku hiyo hiyo, kwa sababu vitanda vya hoteli ile ni vipana mno na enzi hizo vilitandikwa na watu wawili, mmoja kila upande. Mke wangu upande wa dirisha, mwenzake upande wa mlango. Mmoja anarusha shuka, mwingine anaidaka ikiwa bado hewani. Hawahesabu, hawaulizani kama tayari. Mikono ilijuana tu. Wakaanza kuitana Pacha, na jina likawaganda wote wawili: huyu alimwita yule Pacha, na yule alimwita huyu Pacha, na sisi waume tukabaki kuuliza, "Pacha yupi sasa?"

Juu ya vitanda vile walilea watoto wao kwa maneno. Nani kaota jino, nani karudishwa kutoka shule, mume gani kanuna na kwa nini. Siri za nyumbani kwangu zilijadiliwa katika vyumba vya mabalozi. Mwanetu wa kwanza alipolazwa hospitalini, mke wangu alikwenda kazini mwili tu, akili ikabaki wodini, akasimama upande wa dirisha ameshika foronya kama mtu aliyesahau inatumika wapi. Pacha akatandika upande wake, akazunguka akatandika na wa mwenzake, vyumba vyote vya siku hiyo, wala hakumwambia msimamizi. Jioni alikuja kumwona mtoto viatu vikiwa mkononi, miguu imevimba. Mimi ndiye niliyevitengeneza viatu vile, na nilivitengeneza kama vya mama yangu mzazi.

Halafu asubuhi moja mke wangu akaingia chumbani akarusha shuka kama kawaida, nayo ikaanguka sakafuni. Upande wa mlango alisimama msichana asiyemjua, mgeni kazini, ameduwaa. "Wewe ni nani?" mke wangu akamwuliza. Msichana akasema ameambiwa aje hapa, kwa kuwa yule mama mwingine amepandishwa Juu. Na kweli, Pacha alikuwa ameshavaa sare mpya asubuhi hiyo hiyo. Sare hushonwa kwa vipimo, kwa hiyo Pacha alikuwa anajua siku nyingi. Siku iliyotangulia walikuwa wametandika pamoja kutwa nzima, wamecheka, na hakusema kitu.

Hilo ndilo kosa lenyewe. Najua wapo watakaosema, ni hilo tu? Mimi pia nilisema hivyo mara moja, nikala chakula kilichopoa wiki nzima. Mke wangu hakuumia kwa sababu mwenzake amepanda. "Angeniambia," alisema, "hiyo sare ningempigia pasi mimi." Tangu siku hiyo alikataa kupangiwa mtu mwingine. Vitanda vile vipana alivitandika peke yake, anavuta huku, anakimbilia kule, anarudi huku, na mgongo ulipoanza kulalamika aliunyamazisha kwa dawa za kuchua. Wakikutana kantini walipishana kama watu wenye kesi ya kiwanja. Zaidi ya miaka kumi ikaenda hivyo. Nyumbani kwetu jina la Pacha likafa kabisa, na akilazimika kutajwa alikuwa "yule wa Juu".

Sasa tulikuwa tunahama. Binti yetu mkubwa anaishi mji mwingine, mbali, na alikuwa ametutengea chumba. Nyumba tuliyopanga tulikwisha kuirudisha kwa mwenyewe, vyombo vimetangulia, na siku ya kutoka hotelini ndiyo ilikuwa siku ya basi.

"Nikiondoka bila kusema naye," mke wangu aliniambia tulipokuwa tunafunga begi, "nitakaa na donge hili mpaka nife. Sitaki."

Nikamwuliza kwa nini asimfuate kantini wakamaliza, watu wazima wale.

Akanikata jicho. "Mimi nimfuate? Aliyeondoka nani? Nitakaa kwenye kiti cha mgeni, naye atakuja mbele yangu aniulize, 'Nikuletee nini?' Ndiyo kazi yake, hana pa kukimbilia. Hapo ndipo nitakapomwambia."

"Utamwambia nini?"

"Utasikia."

Jibu alikuwa nalo miaka yote hiyo, amelitunza kama watu wanavyotunza ile sahani nzuri ya wageni. Nami nilitaka kulisikia.

Tuliingia kwa mlango wa mbele. Nilimshika kiwiko, kwa sababu miguu yake ilikuwa tayari imekata kona kuelekea mlango wa wafanyakazi. Kwenye lifti ya wageni alijibana ukutani kumpisha bwana mmoja ambaye hakuhitaji kupishwa. Vijana wa mapokezi walimshangilia, "Mama Kona, leo ni leo!" naye akacheka kwa aibu, akaomba radhi kwa kuwasumbua. Alikuwa amevaa gauni lake la bluu na viatu nilivyomshonea mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo, na niseme tu bila kuona haya, hapakuwa na viatu vizuri kuliko vile ghorofa nzima.

Chumbani nilijitupa kitandani. Akapiga ukelele.

"Usikikalie!"

"Kitanda si cha kukalia?"

"Kimetandikwa!"

Ndiyo imani yao watandika vitanda. Kitanda kikishatandikwa hakikaliwi na mtandikaji yeyote wala na mtu wake, mpaka mwenye chumba mwenyewe akivuruge. Nilimweleza kwamba mwenye chumba ni sisi. Hakusikia. Alikuwa amepiga magoti, anaichungulia kona. "Ana mkono mzuri huyu msichana," akasema, "ila ana haraka." Kisha akachukua ile alama ya Usisumbue akaitundika nje ya mlango. Alisema mtoto wa watu hawezi kuja kuokota taulo lake wakati yeye ana mikono miwili. Nikaona hayo ni mapenzi yake, nikamwacha.

Alasiri tukapanda Juu.

Jamani, kule watu wanaishi. Dirisha linaanzia sakafuni mpaka darini, jiji lote liko chini miguuni mwako, na ukiangalia paa za watu unajiuliza kwa nini hakuna anayezifagia. Kuna meza imejaa soseji, matunda yaliyokwisha kukatwa, keki ndogo ndogo za kuliwa kwa mara moja, na hakuna anayekuuliza hii ya ngapi. Kuna mashine ya kahawa ambayo unaibonyeza, inakoroma kama mjomba wangu, halafu inakupa kikombe chenye povu. Niliibonyeza mpaka mhudumu mmoja akaniuliza kama ninasubiri wageni. Viatu vya watu wale, nitasema ukweli, vingi vilikuwa vya bei ila havijapigwa rangi inavyotakiwa.

Mke wangu alikaa pembeni mwa kiti, mgongo wima, mkoba mapajani, kama anasubiri kuitwa na daktari. Kila mgeni alipoingia alinyanyuka kidogo. Nikamwambia, "Kaa." Akakaa. Mwingine akaingia, akanyanyuka tena.

Ndipo Pacha akatokea. Kabla sijamwona uso niliona viatu, vyeusi, vya kazini, na soli ya kushoto imebandikwa na mtu asiyejua kazi, gundi imetokeza pembeni kote. Moyo uliniuma. Mwanamke yule tangu ujana wake alikuwa ananiletea mimi viatu, na ugomvi wake na mke wangu ulipoanza aliacha kuja, akaenda kuharibiwa na wengine. Nywele zilikuwa zimeingia mvi. Alisimama mbele yetu, mikono nyuma, macho yakielekea mahali fulani juu ya vichwa vyetu.

"Karibuni sana," akasema, kwa ile sauti ya mafunzo. "Niwaletee nini?"

Nikaweka kikombe chini.

"Maji," akasema mke wangu.

"Ya baridi au ya kawaida?"

"Ya kawaida."

Yakaja kwenye sinia, na kitambaa kimekunjwa vizuri. "Asante, dada," mke wangu akasema. Dada! Mtu waliyepokezana naye pumzi juu ya shuka moja tangu ujana wao, anamwita dada kama muuza nyanya asiyemjua. Pacha akainamisha kichwa, akaondoka. Mke wangu akayanywa maji yote, anatazama dirishani.

"Ndilo jibu lenyewe?" nikamwuliza.

"Niache."

"Miaka yote hiyo ulikuwa umetunza maji?"

"Nimesema niache, Baba Watoto."

Nikamwacha, nikaenda kuongeza keki.

Asubuhi yake nilitolewa kitandani kama mzigo, nikaamriwa kusimama upande wa mlango. Kwa kuwa alama ilikuwa nje na msichana wa usafi hawezi kuingia, na kwa kuwa mgongo haukubali tena kuzunguka, basi mwenzi wa Mama Kona nikawa mimi. Alirusha shuka. Nilipoona inanijia nilifumba macho. Ilinifunika kichwa.

"Daka ikiwa juu!"

"Sijaiona!"

"Huioni vipi, kubwa yote hiyo? Rudisha. Vuta. Si hivyo! Unavuta kama unamburuta mbuzi!"

Tulipomaliza, upande wake ulikuwa umenyooka kama karatasi, na wangu ulionekana kama nyoka amepita chini yake. Aliutazama muda mrefu bila kunigombeza, na mimi katika ndoa hii nimejifunza kuogopa akiacha kugombeza.

Siku hiyo Juu mambo yakaharibika zaidi. Mke wangu alishindwa kujizuia, akaanza kukusanya sahani za meza ya jirani, azipange tu, alisema, zilikuwa zinamkera macho. Bwana mmoja mwenye viatu vya ngozi ya mamba, wala hakuinua macho kutoka kwenye simu yake, akamwambia, "Mama, sukari." Na mke wangu, aliyekuwa mgeni maalumu, akaenda kuleta sukari. Nilikuwa bado nimefungua mdomo pale Pacha alipokuja kwa hatua za haraka, akakichukua kibakuli cha sukari mikononi mwake.

"Mama, kaa," akasema kwa sauti ya chini. "Hii ni kazi yangu."

Mke wangu akabaki na mikono mitupu katikati ya ukumbi ule wenye zulia. Akarudi kwenye kiti, akachukua mkoba, akaniambia twende.

"Umesikia?" aliniuliza chumbani, machozi yanamlenga. "Kazi yangu! Anafikiri nimekuja kumnyang'anya kazi yake ya Juu?"

Nikasema labda mwenzako alikuwa anakuonea uchungu kuona unatumwa. Nikasema labda hakutaka yule wa mamba akufanye mtumishi siku yako ya mapumziko. Hakutaka kusikia. Alisema basi, yamekwisha, kesho ni basi na safari, na angejua angechukua feni. Akajilaza upande wake wa dirisha, akageukia nje. Nilimhurumia mke wangu.

Nikavaa viatu nikapanda Juu peke yangu. Jua lilikuwa bado lipo, ukumbi una watu wawili watatu. Pacha alikuwa anapanga vikombe.

"Shemeji," nikamwambia, "hiyo soli nani kakubandikia?"

Alishtuka. Akavitazama viatu vyake kama ndiyo kwanza anaviona. "Fundi mmoja wa karibu na stendi."

"Kakuharibia."

"Najua, shemeji." Akaurudisha nyuma mguu wa kushoto. "Ningekuletea wewe, lakini..."

"Lakini kesho nitakuwa sipo. Tunahama. Tunakwenda kwa binti yetu, moja kwa moja. Tukitoka hapa asubuhi tunapanda basi, na hatuna nyumba ya kurudia."

Alikuwa hajui. Alidhani Mama Kona amestaafu tu, yuko mtaani kwake, mtu anaweza kumfuata siku yoyote akipata ujasiri. Nililiona hilo usoni, na nimeshasema uso hunichanganya, lakini ule haukunichanganya. Akaanza kupanga upya vikombe ambavyo vilikuwa vimepangika. Nikabonyeza mashine mara moja, nikashuka.

Asubuhi ya kuondoka begi lilikuwa tayari mlangoni. Mke wangu akaanza tena kutandika.

"Mama Watoto, tunaondoka. Tukitoka tu wanakivua chote, wanapeleka kufuliwa."

"Siwezi kuacha kitanda wazi nyuma yangu. Shika upande wako."

Nikashika. Akarusha, nami nikachelewa kama kawaida, shuka ikaangukia taa ya mezani. Safari hii hakunigombeza. Alibaki ameshika ncha yake, akanitazama mimi mumewe niliyesimama mahali pa mtu mwingine, na machozi yakaanza kushuka waziwazi.

"Basi," akasema. "Acha tu."

Hapo tukasikia hodi. Nilifungua mimi. Pacha alikuwa amesimama nje, sare imenyooka, mikono nyuma, na ile sauti ya mafunzo.

"Samahani kwa kuwasumbua. Alama haijaondolewa mlangoni tangu mlipoingia, na msichana wa usafi hajaweza kuingia. Kwa wageni wa ghorofa hizi, ikiwa hivyo, msimamizi wa Juu, ambaye ndiye mimi, lazima abishe hodi, ahakikishe wageni ni wazima."

"Wazima," nikasema, nikajitoa mlangoni aone mwenyewe.

Akaona. Alimwona mwenzake amesimama upande wa dirisha, uso umelowa, ncha ya shuka mkononi. Halafu akaona upande wa mlango.

"Shemeji," akasema, na hiyo haikuwa sauti ya mafunzo tena, "nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Sogea."

Akavua viatu pale mlangoni, kama walivyofanya zamani wakiwa wawili tu chumbani, akapita mbele yangu, akaitoa shuka kwenye taa, akairudisha yote kwa mke wangu. Kisha akasimama mahali pake, akasubiri. Mke wangu hakumtazama. Alifuta uso kwa kiganja, akaikusanya shuka, akairusha.

Ilipanda, ikajaa hewa, na Pacha akaidaka ikiwa juu.

Maisha yangu yote nilikuwa nasimuliwa habari za vitanda vile, na sikuwahi kuwaona. Hawakuhesabu. Huyu akivuta, yule analegeza. Huyu akiinama, yule ameshainama. Shuka ya chini, shuka ya juu, mfarishi, foronya. Nilisimama ukutani na mkoba wa mke wangu kifuani, na nilikuwa nalia, sioni sababu ya kuficha.

Mke wangu akazunguka mpaka upande wa mlango, akaipitishia kidole kona ya mwenzake.

"Umeharakisha," akasema.

"Nimezeeka."

"Kwa nini hukuniambia, Pacha?"

Jina lile! Pacha alilisikia, akashika ubao wa kitanda. "Ningekuambia, ungesema nenda."

"Ningesema nenda."

"Kwa moyo wako wote. Na mimi nisingeweza tena kuondoka." Akauachia ubao. "Nilitaka kwenda. Hilo ndilo lililonitia aibu. Sikuwahi kutaka kitu ambacho wewe humo. Nikajiambia nitakuambia kesho, nitakuambia kesho, mpaka sare ikawa tayari. Asubuhi ile nilishuka, nilikuwa nje ya mlango. Nikakusikia unamwuliza yule mtoto, 'Wewe ni nani?' Nikakosa uso wa kuingia. Na kila siku niliyokaa bila kuingia, mlango ukazidi kuwa mzito."

Kidole cha mke wangu kilikuwa bado juu ya kona ile. Pacha akanyoosha sare yake, ambayo ilikuwa imenyooka, akatafuta la kufanya na mikono, hakulipata. Mwishowe akauliza lile ambalo mdomo wake umelizoea, lakini polepole, kama mtu anayeomba.

"Nikuletee nini, Pacha?"

Hili ndilo swali, na hili ndilo jibu nililoahidiwa.

"Usilete kitu," mke wangu akasema. "Kaa."

"Wapi?"

"Hapo."

"Kimetandikwa," Pacha akasema.

"Najua."

Wakakaa. Mmoja upande wa dirisha, mmoja upande wa mlango, juu ya kitanda kilichonyooka kuliko vyote nilivyopata kuona, wakakivuruga wenyewe kwa makalio yao. Mimi niliyekatazwa kwa ukelele nilitaka kusema jambo, nikalimeza. Mke wangu alikuwa amenyoosha mkono nyuma juu ya mfarishi, na mwenzake alikuwa ameukamata.

Pale mlangoni vilikuwepo vile viatu vyeusi. Gundi yangu na sindano havikosi begini hata tukienda msibani. Nikavichukua vyote, nikavuta mlango taratibu nyuma yangu, na ile alama ya Usisumbue nikaiacha ining'inie.

Kule Juu nilikaa mezani na soseji zangu, viatu mapajani, nikaibandua ile soli ya aibu nikaanza upya; basi la asubuhi likitupita, lipo la mchana. Msichana mmoja wa kazi alikuja ana wasiwasi, akaniuliza kama nimemwona msimamizi wao, maana wageni wanamwulizia.

"Viatu vyake viko kwa fundi," nikamwambia. "Mwenyewe hawezi kutoka mpaka gundi ikauke, na gundi nzuri, mwanangu, haikauki haraka."